Tahadhari: Hofu ya Hesabu Inarithishwa Majumbani Mwetu

Kipindupindu kikiingia mjini Unguja, gari la matangazo hupita Michenzani, Kwahani, Mwembetanga, na watu hutii. Chemsheni maji. Naweni mikono kwa sabuni. Hakuna anayesubiri jirani azikwe ndipo ateleke sufuria.

Hofu ninayoipigia mbiu hapa haina gari la matangazo. Haimlazi mtu hospitali. Lakini inaenea nyumba kwa nyumba, Mji Mkongwe na Ng'ambo, Fuoni na Bububu, Paje na Nungwi, na njia yake kubwa ni mdomo wa mzazi.

Ni hofu ya hesabu.

Mtoto hazaliwi nayo. Mpe mtoto wa miaka minne visheti vitatu, nduguye mpe vinne, halafu usikilize kilio. Amehesabu, amelinganisha, ameona pengo, anadai haki yake. Mtoto huyo huyo akifika darasa la nne, ukimtajia hesabu anajikunyata. Hapo katikati kuna kitu kimetokea.

Kimetokea nyumbani. Si chote, lakini sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukubali.

Tazama jioni moja ya nyumba yoyote. Maghribi imeshapita. Mtoto amerudi chuo cha Kurani, amekula, amekaa mkekani na daftari lake la skuli. Swali la kwanza: 52 toa 27.

"Mama, hii inakwendaje?"

Mama yuko jikoni anageuza chapati. Hata hakutazama. "Hesabu? Mwanangu, mimi hesabu zilinishinda tangu skuli. Msubiri baba yako."

Baba anarudi baada ya Isha, amechoka. Na yeye hesabu zilimshinda, ila hasemi. Anachukua penseli. "Mbili toa saba, inatoka? Haitoki. Sasa unafanyaje? Unakopa. Unakopa wapi? Nakuuliza wewe, unakopa wapi?" Sauti inapanda. Mtoto haangalii tena daftari. Anaangalia mkono wa baba yake.

"Thalathini na tano," anajibu.

"Thalathini na tano umeitoa wapi? Huna akili wewe?"

Simama hapo hapo. Hapo ndipo pa hatari.

Ile 35 haikuokotwa njiani. Mtoto ametoa 2 katika 5, akapata 3. Kisha ameona 2 na 7, akatoa ndogo katika kubwa kama alivyozoea, akapata 5. Tatu na tano zimekaa pamoja, thalathini na tano. Ana akili, na ana kosa moja, kosa ambalo watoto wa dunia nzima hulifanya wanapoanza kutoa kwa kukopa. Angeulizwa kwa upole, "Umepataje, baba?", angeeleza, na kosa lingejitokeza lenyewe kabla chapati hazijapoa. Vijiti vilivyofungwa kumi kumi, mafungu matano, na viwili vya mojamoja, vingetosha. Fungua fungu moja, uone viwili vinavyogeuka kumi na viwili. Basi, imekwisha.

Hakuulizwa. Ameambiwa hana akili. Na mama, bila nia yoyote mbaya, alikuwa ameshamwambia kwamba hesabu ni kitu kinachowashinda watu wa nyumba hii. Amesomeshwa mawili usiku mmoja, na hakuna hata moja lililokuwa ndani ya daftari.

Kesho usiku yatarudiwa.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wanachokisema kinaeleweka bila digrii. Akili inapofanya hesabu hushika vitu vichache kwa wakati mmoja. Katika 52 toa 27 lazima ushike kwamba umekopa kumi, kwamba ile mbili sasa ni kumi na mbili, kwamba ile tano imebaki nne. Hofu nayo inataka nafasi. Mtoto anayewaza "nitapigwa" au "nitachekwa" anawaza hayo pale pale ambapo ile kumi ya kukopa ilipaswa kukaa. Kumi inapotea. Jibu linaharibika. Jibu likiharibika ukali unaongezeka, na ukali ukiongezeka hofu nayo inaongezeka.

Kumpiga mtoto ili hesabu ziingie ni kuzitoa.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiwamo Erin Maloney na Sian Beilock, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 400 wa darasa la kwanza na la pili, pamoja na wazazi wao, kwa mwaka mzima wa masomo. Watoto wa wazazi wenye hofu ya hesabu walijifunza hesabu kidogo kuliko wenzao, na mwaka ulipokwisha walikuwa nao wameshaanza kuziogopa. Lakini si wote. Ni wale ambao wazazi wao waliwasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho.

Mzazi mwenye hofu aliyekaa mbali na daftari hakuonekana kuleta madhara hayo. Aliyeyaleta ni yule aliyempenda mtoto wake, akakaa naye kila usiku, akamsaidia huku moyo unamwenda mbio. Na madhara yalikuwa ya hesabu tu. Kusoma kwao hakukuguswa.

Watoto hao ni wa Marekani, najua, si wa Kikwajuni. Lakini nitajie mkeka mmoja wa Kikwajuni ambao mambo hayo hayajapita.

Beilock na wenzake walikuwa wameshaonyesha, mwaka 2010, kwamba hata darasani hofu hupita. Waliwachunguza walimu wanawake wa madarasa ya chini. Mwalimu alipokuwa na hofu ya hesabu, mwisho wa mwaka baadhi ya wasichana wake walikuwa wameshaamini kwamba hesabu ni mambo ya wavulana, na hao ndio alama zao zilikuwa chini. Wavulana hawakuguswa. Siyasemi haya kuwalaumu walimu wanawake, ambao ndio waliobeba madarasa yetu ya chini, wengine wakiwa na watoto wamejaa hadi mlangoni. Akina baba wanaotangaza barazani kwamba hesabu si za watoto wa kike wana deni kubwa zaidi. Nayasema kwa sababu msichana ana macho, na humtazama mtu mzima anayefanana naye ili ajue nini kinamhusu.

Sasa tukiacha?

Tukiacha, hasara haisubiri. Imeshaanza kukusanywa.

Hisabati ya Msingi ni somo la lazima kwa kila mtahiniwa wa kidato cha nne, Bara na Visiwani. Miaka ya karibuni wanaofaulu somo hilo nchi nzima wamekuwa kati ya mmoja katika watano na mmoja katika wanne. Na kufaulu hapo kunahesabu hata D. Waliobaki wanatoka skuli na F ya hesabu mkononi. Hao ndio wazazi wa kesho. Wataoa, wataolewa, watakaa mkekani na watoto wao, na watasema: hesabu zilinishinda.

Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi lake hapa Unguja, kule Bweleo. Ni tawi la kwanza nje ya India kwa taasisi zote za jina hilo. Linasomesha sayansi ya data na akili bandia, na aliyekabidhiwa kuliongoza ni mwanamke, Profesa Preeti Aghalayam. Kutoka Darajani hadi hapo ni safari ya daladala. Lakini mlangoni pake pana hesabu, na hesabu ya mlango ule haianzi kidato cha sita. Inaanza darasa la pili, na kukopa kumi. Watoto wa nchi nyingine watakuja kukaa kwenye viti vya Bweleo ikiwa wetu wameshaambiwa majumbani kwamba hawaviwezi.

Wengi hawana haja na Bweleo, na si lazima wawe nayo. Basi twende sokoni.

Chukua mfano wa mama anayeuza mbogamboga. Anakopa shilingi 300,000 za kausha damu. Sharti ni kurudisha 12,000 kila siku, siku 30. Elfu kumi na mbili inasikika ndogo, inatoka katika mauzo ya asubuhi. Zidisha. Ni 360,000. Ametoa 60,000 za ziada kwa mwezi mmoja, asilimia 20. Akikopa hivyo hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha amelipa 720,000 za ziada kwa kuzungusha zile zile 300,000. Suala la riba na dini naliacha kando, ingawa peke yake lingetosha. Ninachosema ni kwamba anayeogopa kuzidisha hataiona 720,000 maisha yake yote. Ataiona elfu kumi na mbili tu, kila asubuhi.

Hayo ya mkopo angalau mtu ameyataka mwenyewe. Mirathi haiombwi.

Mtu amefariki. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Nyumba na shamba la mikarafuu vimeuzwa, deni limelipwa, zimebaki milioni 48. Mke fungu lake ni thumuni, moja ya nane, kwa kuwa mume ameacha watoto. Milioni 6. Zinabaki 42. Mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, kila wa kike fungu moja, jumla mafungu manne. Kila fungu ni milioni 10 na nusu. Kijana milioni 21, kila msichana 10 na nusu. Jumlisha zote, zinarudi 48.

Hesabu hiyo ni ya darasa la sita. Nusu, robo, thumuni, theluthi, sudusi: sheria nzima ya mirathi imejengwa juu ya sehemu. Al-Khwarizmi, yule mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa maswali ya mirathi na wasia, kwa sababu watu walikuwa wanayahitaji.

Sasa mjane amekaa ukumbini, eda haijamalizika, shemeji ana karatasi. "Shemeji, wewe yako ni milioni nne, nyingine gharama." Mjane anaitazama karatasi. Tangu skuli anaambiwa sehemu ni ngumu. Tangu utotoni kasikia hesabu ni za wanaume. Haulizi. Anatia saini. Milioni mbili zimekwenda, na hakuna aliyemshikia kisu. Kadhi yupo, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, lakini aendaye huko ni yule aliyeshtuka kwamba hesabu haikukaa sawa. Asiyeweza kushtuka haendi.

Ndiyo maana nasema hofu hii si jambo la skuli peke yake.

Wazazi wana hoja, na hoja moja ni ya kweli. Wanasema: sisi tulisoma hesabu kwa Kiswahili, watoto wanakuja na daftari la Kiingereza. Ni kweli. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ndiyo iliyoelekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mzazi anayejua vizuri kabisa kugawa chapati sita kwa watoto wanne anakutana na sentensi ya Kiingereza, anafunga daftari. Kwa maoni yangu sera ile iliwatoa wazazi wengi mkekani bila kuwaaga. Lakini hiyo ni hoja ya kutojua Kiingereza. Haikulazimishi useme hesabu zimekushinda. Ukisema hivyo unamdanganya mtoto, kwa sababu hazijakushinda.

Na hapa wacha nikae kidogo, maana ndipo ninapokasirika.

Nenda Jambiani au Paje ukazungumze na wanawake wa mwani, kilimo kilichoanza huko kibiashara mwaka 1989. Muulize mmoja kama anajua hesabu. Atacheka. "Hesabu mie? Mie sikusoma." Kisha muulize lini atashuka pwani. Atakwambia bila kufikiri: bamvua limeanza, leo maji yamekauka saa nne asubuhi, siku tatu kutoka leo yatakauka kama saa sita na nusu, kwa hiyo siku hiyo nitapika kabla sijatoka. Maji hukawia dakika kama 50 kila siku. Mara tatu, dakika 150, saa mbili na nusu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu vyote vimo kichwani mwake. Anajua bamvua lina siku ngapi za kufanyia kazi, kamba ngapi zitafungwa mbegu kwa siku hizo, na mavuno yatafika lini. Mtu huyu usiku anamwambia mtoto wake hesabu sizijui.

Mwongo. Mpole, mwenye haya, lakini mwongo.

Nenda barazani kwenye bao. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo katika shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Mzee anatazama shimo, hagusi, anajua kete zake zitakwenda kuishia wapi, zitakula nini, na zikishakula zitaendelea hadi shimo gani. Anazungusha yote hayo kichwani huku kahawa iko mkono wa pili na mtu pembeni anamsimulia ya Simba na Yanga. Muulize mzee huyo hesabu alipata ngapi skuli. "Hesabu? Aa, mimi zilinipita kushoto."

Wauza boriti wanauza kwa korija, ishirini ishirini. Bibi zetu walipima mchele kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, bila kuandika popote. Mama wa jikoni anayejua kuongeza nazi wageni wanapozidi anafanya uwiano. Tumeishi ndani ya hesabu kisiwa hiki chote, halafu tukaja kuamini kwamba hesabu ni kile tu kilichoandikwa ubaoni na mwalimu mwenye bakora.

Imani hiyo ndiyo tunayowapa watoto. Ikatwe.

Ikatwe vipi? Mambo ni machache, na karibu yote hayana gharama.

Ile sentensi ikome leo. "Hesabu zilinishinda." Ikome jikoni, ikome barazani, ikome kwenye simu unapozungumza na dada yako huku mtoto yuko karibu. Ikome na zile ndugu zake: "huyu kamfuata mama yake, hesabu haziwezi," "mtoto wa kike soma dini na Kiswahili inatosha," "sisi ukoo wetu si wa hesabu." Hakuna ukoo wa hesabu. Ukikwama, sema hivi: "Hii bado sijaielewa. Hebu tuitazame." Mtoto ajue kwamba kutoelewa kuna kesho yake.

Mkono ukae mbali na daftari. Na ulimi pia. Kama umerudi umechoka, kama umeshaona sauti inapanda, funga daftari mlale. Swali moja lisilojibiwa halijamuua mtoto. Andika pembeni kwa penseli, "Mwalimu, hapa tumekwama," atie kwenye mkoba. Mwalimu mwenye busara atalifurahia hilo kuliko majibu sahihi kumi aliyoyaandika kaka mkubwa.

Badilisha nafasi. Mzazi mwenye hofu asiwe mwalimu, awe mwanafunzi. "Haya mama, nisomeshe na mimi, ulifanyaje hapa?" Kisha unyamaze. Unyamaze kweli, hata akikosea, mpaka amalize. Mtoto anayeeleza hugundua kosa lake mwenyewe mara nyingi katikati ya maelezo, na utamwona uso unabadilika. Hili linawezekana hata kwa bibi asiyejua kusoma. Linawezekana pia kwa mzazi asiyejua Kiingereza: mtoto akutafsirie swali kwa Kiswahili kwanza, mlielewe, ndipo arudi kwenye Kiingereza chake. Asiyeweza kulitafsiri hajalielewa, na hapo umeshajua tatizo liko kwenye lugha au kwenye hesabu yenyewe.

Hesabu ziwepo mahali pasipo daftari. Katika jarida la Science, mwaka ule ule wa 2015, Beilock na wenzake walieleza walichokiona kwa wazazi waliosoma na watoto wao wa darasa la kwanza hadithi fupi zenye hesabu ndani yake. Watoto walionufaika zaidi ni wale wa wazazi wenye hofu, hata pale walipofanya hivyo mara moja au mbili tu kwa wiki. Wao walitumia tableti. Wewe una Darajani. Nazi tatu, kila moja 1,500, nimetoa 5,000: mwache mtoto apokee chenji, na kabla hajapokea aseme itakuwa ngapi. Daladala ya 502 inakwenda Bububu, ya 505 Uwanja wa Ndege. Zimepishana ngapi? Hilo ni la darasa la kwanza, linamalizika kabla hamjapata kiti. Wa darasa la tano mpe chapati. Kilo mbili za unga zinatoa ngapi, wageni wakiwa mara mbili tununue unga kiasi gani, na tukinunua kilo tatu tu zitapungua ngapi? Asiharakishwe. Akikosea, chekeni pamoja, mhesabu upya, kwa kuwa hakuna alama nyekundu jikoni.

Na bao lishuke barazani liingie ndani. Wasichana walicheze. Sijapata kusikia sababu yoyote ya maana inayowafanya wavulana wakue wakitazama kete 64 zikizungushwa huku dada zao wanaosha vyombo. Wasichana wana mdako wao, wanadaka jiwe juu huku wanachota na kurudisha kwa idadi, moja moja, mbili mbili, tatu tatu. Mchezo mzuri, na mama akikaa chini akacheza nao, akahesabu kwa sauti, amewapa zaidi ya vipindi vingi vya tuisheni.

Nimeitaja tuisheni, basi niseme. Mzazi mwenye hofu hukimbilia huko. Analipa, anapumua, anaona ameshatimiza wajibu. Ziko tuisheni nzuri. Lakini nyingi ni chumba kingine kilichojaa watoto, mwalimu aliyechoka na bakora nyingine. Kama mtoto analipiwa saa moja ya hesabu kisha anarudi nyumbani kusikia kwamba hesabu ni balaa, pesa zinapotea. Kabla hujalipa, kaa mlangoni dakika kumi usikilize. Ukisikia kelele na fimbo, mchukue mtoto wako mrudi.

Hayo ni ya wadogo, ambao bado wana mwanya. Yapo majumba ambayo hofu imeshakaa. Mtoto yuko kidato cha kwanza au cha pili, anaumwa tumbo kila siku yenye kipindi cha hesabu, anaruka kurasa, anasema waziwazi kwamba hataki. Huyo usimwambie hesabu ni rahisi. Kwake si rahisi, na akikusikia unasema hivyo atajiona mjinga zaidi. Rudi naye nyuma mpaka mahali alipoelewa mara ya mwisho. Mara nyingi utajikuta kwenye sehemu za darasa la tano, au nyuma zaidi, kwenye kuzidisha. Usishangae na usimwonyeshe mshangao. Anzeni hapo. Robo saa kwa siku, si zaidi, maswali machache anayoyaweza kisha moja linalomtoa jasho kidogo. Kama wewe huwezi kukaa naye bila kukasirika, mtafute mwingine: binamu aliyemaliza kidato cha sita, jirani anayesoma chuo kikuu cha SUZA, shangazi mwenye duka anayejua kuzungusha mtaji. Awe mtu mpole. Upole ni sifa ya kwanza, cheti ni ya pili.

Kisha nenda skuli wiki hii, usisubiri siku ya kuchukua ripoti. Beba daftari. Usimwambie mwalimu "mwanangu hesabu hajui," maana ukisema hivyo mbele ya mtoto umerudia yale yale. Mwonyeshe kurasa. Muulize mwalimu: mtoto alipotelea wapi, mada gani inakuja mwezi ujao, na nyumbani mfanye nini na msifanye nini. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili uko mwisho wa mwaka. Anayeanza na robo saa leo ana muda. Anayesubiri ripoti atakuwa amebakiwa na wiki chache, na wiki chache hazitoshi kuitoa hofu iliyoingia kwa miaka minane.